Mpeleke mzee kwa sahibu yake

*Tafakuri ya Ramadhani: siku ya 24*

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, tunamshukuru Allah (s.w.) aliyetufikisha katika kumi la mwisho. Baada ya funga ya leo zimebaki tano au sita, itategemea mwezi utakavyoandama. Maneno ya leo ni marefu kidogo. Soma nusu baada ya Alfajiri na nusu ukisubiri adhana ya Magharibi, hakuna ubaya.

Siku hizi kwenye magrupu ya familia mazungumzo ni Idd tu. Nani ananunua mbuzi, tunakutana kwa nani, wa Morogoro wanafika lini, nauli ya shangazi inachangwa vipi. Ni mambo ya kheri, na kuunga udugu ni ibada. Ila katika mipango yote hiyo kuna swali moja ambalo mara chache mtu analiuliza. Tunasema, "Mzee atafurahi sana kutuona wote." Sawa, atafurahi. Lakini je, yeye mwenyewe angependa amuone nani?

Hilo ndilo swali letu la leo. Linaonekana dogo, lakini ndani yake kuna haki ya mtu.

*Marahaba arobaini*

Hebu tuangalie mkusanyiko wa Idd tunaoujua sote. Mzee amekalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, kanzu mpya, kofia ya kushona kwa mkono. Wanaingia watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu. Kila mmoja anafika mbele yake: "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo babu." Kisha anapita zake, pilau linapoa. Wakiwa watu arobaini, mzee ameitikia marahaba arobaini. Mazungumzo hajafanya hata moja.

Hakuna aliyemkosea. Wote wamemheshimu. Lakini tazama hali yake pale. Kwa mwanawe yeye ni baba, kwa mjukuu ni babu, kwa mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Hakuna hata mmoja aliyemjua akiwa kijana, anakimbizana na mpira, anafukuzwa na mwalimu wa madrasa, au anahangaika kutafuta mahari. Anaanza kisa cha zamani. Watu wanacheka kwa adabu, na mmoja anasema, "Babu, hiki ulishatuambia."

Ni kweli alishatuambia. Kwa nini basi anakirudia? Pengine ni usahaulifu. Lakini pengine anamtafuta mtu wa kumkatiza na kumwambia: "Wacha bwana, haikuwa Jumamosi, ilikuwa Ijumaa, na wewe ndiye uliyechelewa." Mtu wa namna hiyo hayupo kwenye lile jamvi. Yupo mahali pengine katika mji huu huu, amekaa kwenye kiti chake, naye anasimulia kisa kile kile kwa wajukuu zake ambao nao wameshakisikia.

Rafiki wa muda mrefu ni shahidi wa maisha yako. Watoto wako wameyaona maisha yako kuanzia katikati. Ya mwanzo anayajua yeye. Anapoondoka duniani, sehemu ile inabaki haina mtu wa kuithibitisha. Ndiyo maana mzee akifiwa na sahibu yake anakaa kimya siku nyingi, na sisi tunashangaa: mbona hata ndugu yake si huyo?

*Baraza limekwenda wapi?*

Kwa sisi wa Dar es Salaam jambo hili lina sura yake. Wazee wetu wengi wamezeekea Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Baada ya Laasiri watu walikutana barazani. Muuza kahawa anapita na birika lake na vikombe, bao linachezwa, gazeti moja linasomwa na watu saba, redio inawashwa wakati wa taarifa ya habari. Hakuna aliyepelekewa mwaliko. Na mtu asipoonekana siku mbili, wenziwe walimfuata nyumbani kumjulia hali.

Kisha mwenye nyumba akafariki, warithi wakauza. Hatuwalaumu. Mirathi ni haki, na Allah ameamrisha igawanywe. Nyumba ikavunjwa, likapanda ghorofa, na pale palipokuwa na baraza pakawa na fremu za maduka. Wazee wakachukuliwa na watoto wao: huyu Chanika, yule Bunju, mwingine Kigamboni, mwingine Kibaha. Watoto wamejenga vizuri, kuna ukuta, kuna geti, kuna choo cha ndani. Mzee analala pazuri kuliko alivyowahi kulala maisha yake yote.

Lakini kutoka Chanika hadi Magomeni, kwa kijana ni kubadilisha daladala. Kwa mtu wa miaka 80 mwenye goti bovu ni safari ya kuipangia siku, na hawezi kuipanga peke yake. Basi wazee watatu waliokuwa wakionana kila siku kwa miaka 40 wamegawanywa pembe tatu za mji, na hakuna aliyekusudia kuwatenganisha.

Bibi zetu nao ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Mjane anazungushwa: miezi mitatu kwa binti yake Arusha, miezi miwili kwa kijana Tegeta, kisha kwa mdogo wao Mbagala. Kila nyumba anapokewa kwa heshima. Ila chama chake cha kuzikana kiko Temeke. Darasa lake la kina mama liko Temeke. Somo yake, ambaye wamefundana na kufichiana siri tangu wakiwa wari, yuko Temeke. Kule anakozungushwa yeye ni mgeni wa heshima, na ugeni wa miaka mingi unachosha.

Hapa ndipo swali linapokuja sawasawa. Ikiwa mzazi anakula, anavaa, anapata dawa na analala salama, je, tumemaliza wajibu wetu kwake?

*Mafunzo ya Mtume (s.a.w.)*

Bibi Khadija (r.a.) alifariki Makka, kabla ya Hijra. Miaka ikapita, Mtume (s.a.w.) akahamia Madina, akawa na wake wengine na mzigo mkubwa wa umma. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume kama alivyomwonea Khadija, kwa jinsi Mtume alivyokuwa akimtaja. Na anasema kwamba mara nyingine Mtume akichinja kondoo, alikuwa akimkatakata na kuwapelekea nyama rafiki zake Khadija.

Tusimame hapo kidogo. Hakuishia kuwapelekea ndugu zake Khadija. Aliwapelekea rafiki zake. Wanawake wale hawakuwa na undugu naye wa damu, na Khadija mwenyewe alikuwa kaburini. Lakini Mtume aliona kuwa urafiki wa mtu ni sehemu ya mtu huyo, na anayempenda mtu anapenda na walio wake.

Siku nyingine Hala, dada yake Khadija, alibisha hodi Madina. Mtume (s.a.w.) aliposikia anavyoomba ruhusa ya kuingia alimkumbuka Khadija, moyo wake ukatikisika. Hii nayo imo katika Bukhari na Muslim. Sauti tu ya mlangoni ilirudisha miaka yote ile.

Kisha tuna kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.), alichokipokea Muslim. Alikuwa safarini kuelekea Makka akakutana na Bedui njiani. Alikuwa na punda ambaye humpanda akichoka na ngamia, na kilemba anachofunga kichwani. Akampa yule Bedui vyote viwili. Wenzake wakashangaa: hawa ni watu wa jangwani, wanaridhika na kidogo, mbona umempa vyote hivyo? Akawajibu kwamba baba yake mtu huyu alikuwa rafiki wa baba yangu, Umar. Akaeleza alivyomsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kuwa katika wema mkubwa kabisa ni mtoto kuwaunga wale waliokuwa wapenzi wa baba yake.

Hadithi hii masheikh wetu huisoma sana kwenye taazia, na ni mahali pake. Lakini tuipime. Ikiwa kumuunga rafiki wa baba yako ni wema mkubwa baada ya baba kufa, wakati yeye mwenyewe hauoni, itakuwaje wakati bado yu hai, anakaa nyumba yako mwenyewe, na kiu yake ni kumuona rafiki huyo kwa nusu saa? Tutangoja afe ndipo tumtafute sahibu yake tumpelekee kilo ya sukari na kumwambia, "Mzee alikuwa anakutaja sana"? Mbona hukumleta, naye akikutaja wewe unasikia?

Katika Surat Al-Israa Allah anatuusia wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu, tusiwaambie hata neno dogo la kuwakerehesha, na tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Wakiwa kwetu. Yaani katika wakati ambao hawawezi kutoka bila sisi kufungua mlango. Mwenye ufunguo wa geti ataulizwa namna alivyoutumia.

*"Lakini atachoka"*

Najua majibu tuliyonayo, na si majibu ya watu wabaya. Ni ya watu wanaowapenda wazee wao.

La kwanza: atachoka, ataanguka, sukari itapanda. Hofu hii ina msingi, na kumlinda mzee ni wajibu. Basi chukua hadhari. Chagua siku asiyokwenda kliniki. Toka asubuhi kabla ya jua kali, kodi bajaji au mkalishe kiti cha mbele, beba dawa zake, maji na kitu cha kula. Hadhari ni hiyo. Lakini hadhari ikizidi inageuka kifungo. Mzee mwenye akili timamu bado ni mtu mzima mbele ya Allah, amali zake zinaandikwa kwa jina lake. Hatukukabidhiwa umri wake tuusimamie kama mali ya yatima. Muulize: "Baba, safari ina uchovu, na goti litakuuma jioni. Twende tusiende?" Akisema twende, amechagua yeye. Anaweza kuanguka njiani, ndiyo. Anaweza pia kuanguka bafuni kwako.

La pili: simu ipo. Simu ni neema, na katika nchi za mbali haina mbadala. Mwenye sahibu yake Muscat au Toronto, mpigie simu ya picha, ushike simu wewe, wao waongee. Lakini kwa walio mji mmoja, sikiliza wazee wawili wanavyoongea kwa simu. Masikio mazito, mtandao unakatika. "Hujambo?" "Nani?" "Mimi!" "Aa, hujambo?" Dakika mbili wamekata. Wakikaa barazani hawahitaji kuongea sana. Wanaweza kukaa robo saa wanatazama barabara, mmoja akasema, "Mambo hayo," mwenziwe akaitikia, "Ndiyo mambo hayo," na wote wakawa wamezungumza. Simu haina nafasi ya kunyamaza pamoja.

La tatu: sina muda, foleni, kazi. Hili sitalipinga kwa maneno. Imam Muslim amepokea hadithi ya mtu aliyetoka kwenda kumzuru ndugu yake katika kijiji kingine, Allah akamweka malaika njiani. Malaika akamuuliza kama ana faida anayoifuata kwa ndugu yule. Akasema hana, ila anampenda kwa ajili ya Allah. Malaika akampa habari kwamba Allah naye anampenda kama alivyompenda mwenzake. Sasa wewe unayemwendesha mzee wako kumzuru mwenzake, jiweke katika safari hiyo. Njia ile ile aliyosimama malaika, dereva ni wewe.

*Kumficha mzee msiba*

Naomba hapa tuwe wakweli. Kuna desturi imeenea katika familia zetu. Sahibu wa mzee anafariki. Kwenye grupu la familia unatumwa ujumbe: "Tafadhali, babu asiambiwe, presha yake." Wote wanakubali kwa huruma. Mwezi unapita, babu anauliza, "Fulani hajambo? Mbona siku hizi hapigi?" Na mtoto anajibu, "Hajambo, anakusalimia sana."

Angalia tulipofika. Tumetoa salamu za uongo kutoka kwa maiti.

Nia ilikuwa njema. Lakini hesabu alichonyimwa mzee. Amenyimwa kumswalia mwenzake, na kusindikiza jeneza ni katika haki za Muislamu kwa Muislamu. Amenyimwa kumwombea dua katika siku alizoihitaji zaidi. Ikiwa alikuwa akimdai, amenyimwa nafasi ya kumsamehe. Ikiwa alikuwa akidaiwa, amenyimwa kulipa kwa warithi, na deni ni jambo zito. Amenyimwa hata kulia pamoja na wanaolia. Na mwisho wake huwa anajua tu. Mtoto mdogo anateleza siku ya Idd: "Yule babu aliyekufa mwaka jana?" Hapo mzee anafiwa mara mbili, na kuanzia siku hiyo kila ukimwambia fulani hajambo, hana hakika.

Je, ni haramu kuchelewesha habari? Tuna mfano katika Bukhari na Muslim. Ummu Sulaym (r.a.) alifiwa na mtoto wake, mumewe Abu Talha akiwa hayupo. Aliporudi na kuuliza hali ya mtoto, mama yule alijibu kwa maneno ya kweli yenye maana mbili, kwamba ametulia. Akampa chakula, akampumzisha. Kisha akampa mfano wa watu waliowaazima wenzao kitu, je, wenyewe wakikitaka kuna haki ya kuwakatalia? Hapo ndipo akamjulisha, na katika mapokezi ya Muslim Abu Talha alikasirika kwa kucheleweshewa. Alipopewa habari, Mtume (s.a.w.) aliwaombea baraka.

Basi tuna ruhusa ya upole, tuna ruhusa ya kuchagua wakati na maneno. Ummu Sulaym aliichelewesha habari usiku mmoja. Hakuificha mwaka. Mzee akiwa katika hali mbaya hospitali, subirini, mshaurianeni na daktari. Akitulia, akae na mtoto anayempenda, awe ameshakula na kumeza dawa, aambiwe kwa utaratibu, na akitaka kwenda kutoa pole apelekwe.

Yuko pia mzee aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye ukimwambia leo atalia, kesho atauliza tena na atalia upya kama mara ya kwanza. Huyo si lazima kumfisha mwenzake kila asubuhi. Lakini hata kwake huhitaji kusema uongo. Akiuliza habari za sahibu yake, mwambie, "Hebu nisimulie, mlijuana wapi?" Atasimulia. Mkimaliza, mwombeeni dua.

*Mlangoni*

Tuje kwenye kuagana. Umempeleka mzee, wamekaa, wamecheka, wamekunywa chai. Sasa mnaondoka, na hapa ndipo vijana tunaposhindwa kuvumilia. Mzee amesimama, amesema kwaheri, kisha amekumbuka neno. Amekaa tena. Amesimama tena. Wamefika mlangoni wameshikana mikono, hawaachiani. Wewe umeshika ufunguo wa gari, "Baba, foleni itatukuta."

Ndugu yangu, ngoja. Wao wanajua jambo usilolijua, au unalolijua kwa mdomo tu. Wewe ukisema "tutaonana" una hakika nayo. Wao wakisema "tuonane Mungu akitujaalia" wanamaanisha kila neno. Huenda ndiyo mara ya mwisho, na wote wawili wanajua, na hakuna anayetaka kulitamka mbele yako.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) kwenda Yemen, alitoka naye kumsindikiza. Muadh amepanda mnyama, Mtume anatembea kwa miguu pembeni yake, anamuusia. Alipomaliza akamwambia kwamba huenda asimkute tena baada ya mwaka ule, na huenda akapita penye msikiti wake na kaburi lake. Muadh akalia. Imamu Ahmad ameipokea habari hii. Na hawakuonana tena duniani.

Tazama adabu iliyomo. Alimsindikiza, wala hakuagana naye akiwa amekaa. Alimpa nasaha. Na hakumficha ukweli wa kuachana. Yale machozi ya Muadh hayakuwa dalili kwamba safari imeharibika.

Wengine wanasema, "Nikimpeleka ataishia kulia tu, bora asiende." Baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki, Abu Bakr na Umar (r.a.) walikwenda kumzuru Ummu Ayman, mama mtu mzima aliyemlea Mtume, kwa sababu Mtume mwenyewe alikuwa na desturi ya kumzuru. Walipofika akalia. Wakamuuliza kinachomliza, na kwamba yaliyoko kwa Allah ni bora kwa Mtume wake. Akawaambia hilo analijua, analilia ni wahyi kukatika kutoka mbinguni. Wakalia pamoja naye. Ni hadithi ya Muslim. Viongozi wawili wa umma walimzuru mama mzee, ziara ikaisha kwa machozi ya watu watatu, na tunasimuliwa kama mfano wa kufuata.

Na katika wale saba watakaokuwa kivulini mwa Allah siku isiyo na kivuli ila chake, wamo watu wawili waliopendana kwa ajili yake. Hadithi haikusema wamekutana kwa hilo tu. Imesema wamekutana kwa hilo na wameachana kwa hilo. Kuachana nako kumehesabiwa. Urafiki una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na wote wawili unatakiwa upitwe kwa mapenzi ya Allah. Wazee wakishikana mikono pale mlangoni na kuambiana, "Nisamehe nilipokukosea," "Nimekusamehe, nawe nisamehe," wanaufunga urafiki wa miaka 60 kwa namna Allah anavyoipenda. Wewe unaita hiyo foleni?

Sisi tunatumiana ujumbe wa kuombana radhi kila mwezi wa Shaaban, ule ule kwa watu 200. Si vibaya. Lakini mzee anayeomba radhi anamtazama mtu mmoja machoni, na anajua anaomba radhi ya nini. Labda ni maneno ya mwaka 1974. Labda ni shamba. Labda wamenuniana tangu mirathi ya baba yao na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Kwa hawa usafiri wako ni zaidi ya ziara, ni suluhu, na Mtume (s.a.w.) ametukataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Wangapi wamefikisha miaka 30?

*Kabla ya Idd*

Kwa hiyo, leo kabla ya Magharibi, kaa na mzee wako umuulize jambo moja: "Baba, mama, ni nani ungependa kumuona?" Usimtajie majina wewe. Ngoja. Pengine atasema "Aa, hakuna." Ngoja tena.

Akikutajia, tafuta namba, uliza kwa watoto wa yule mwenzake, pangeni siku. Si lazima siku ya Idd yenyewe, yenye watu wengi na kelele. Idd pili au wiki inayofuata ni bora. Beba chochote kilichopo, tende, mchele, sukari. Ukifika, salimia, kaa kidogo kwa adabu, kisha wapishe. Nenda kakae nje na vijana wenzako. Kuna maneno hawatayasema ukiwepo.

Ukikuta aliyetajwa ameshafariki, usifunge jambo. Mpeleke kwa watoto wa marehemu, akae, asimulie. Wale watoto watayasikia ya baba yao wasiyoyajua, naye atakuwa amepata wa kumsikiliza. Na akiweza, mpeleke makaburini akasalimie na kuomba dua.

Na sisi jamaa wa msikiti tuna sehemu yetu. Kule pembeni mwa safu kuna viti vya plastiki vya wazee wasioweza kusujudu chini. Kiti kikibaki kitupu wiki mbili, tunasema, "Amehamia kwa mwanawe," tunaendelea. Tuulize amehamia wapi. Gari moja, watu watatu wa rika lake, asubuhi moja. Haihitaji kamati.

Ramadhani inatufundisha haya kila mwaka. Tunaipokea tukijua itaondoka, na ikifika siku kama hizi tunajihimiza, maana hatujui kama mwakani tutakuwepo. Hakuna anayesema, "Bora nisisali Tarawehi ya mwisho, nitahuzunika." Tunaiaga kwa ibada zaidi. Mtu tunayempenda anastahili kuagwa hivyo hivyo, kwa kukaa naye zaidi.

Yaa Allah, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea wadogo. Wakutanishe na wapenzi wao duniani kwa kheri, na waliotangulia uwakutanishe nao Peponi. Zilainishe nyoyo zilizohamana. Usitufanye sisi kuwa ukuta baina ya wazee wetu na rafiki zao. Tukubalie funga zetu, na uturudishe Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani. Aamin.

Mtumie mwenzako tafakuri hii, hasa yule anayeishi na mzee. Kesho inshaAllah tutazungumzia Zakatul Fitri, nani anatoa na nani anapewa.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.